Miaka 8 najiita Mwezi Nge, kumbe niliandika saa vibaya. Sasa ile tabia ilikuwa ya nani?

MtotoWaUsiku (mtoa mada)

Wadau wa unajimu, na nyie msioamini pia, nisomeni hadi mwisho ndipo mnichape.

Miaka minane iliyopita nilichora chati yangu ya kuzaliwa (ramani ya anga ya saa niliyozaliwa) kwa mara ya kwanza, kwenye programu ya mtandaoni. Kadi yangu ya kliniki nilikuwa nayo mkononi. Wino wa buluu umefifia ila unasomeka: "saa 3:00 usiku". Programu ikataka saa kwa mfumo wa saa 24. Nikaandika 03:00. Usiku ni usiku, au sio?

Ikatoka hivi: Jua Kaa, nyota inayochomoza Ng'ombe, Mwezi digrii ya 22 ya Nge, nyumba ya saba, umebanana na Pluto. Wanaojua wameshaguna hapo. Mwezi ndio hisia, nyumba ya saba ndiyo ndoa, Nge ndiyo Nge. Kila nilikosoma niliambiwa jambo lilelile: wivu wa kimyakimya, hasahau, akipenda anazama na mwenzake, akiumizwa anatunza. Nilikuwa na daftari, nikanakili yote kwa kalamu nyekundu. Nilijiona nimepata picha yangu ya pasipoti.

Sasa sikilizeni kisa kimoja tu. Dada yangu alivaa kiatu changu bila kuniomba, akarudi nacho kisigino kimekatika. Tukagombana. Siku ya tatu asubuhi nikamsikia anacheka peke yake chumbani kwake, kicheko kile cha kujikunja. Hasira hata sikuzikuta, zilikuwa zimeshakwisha. Nikashika kitasa cha mlango niende kumuuliza anacheka nini. Nikakiachia. Nakumbuka kabisa nilichojiambia: mtu wa Mwezi Nge hasamehi kirahisi hivyo. Sikumsemesha wiki tatu.

Mchumba niliyekuwa naye wakati huo, akilala nilikuwa nashika simu yake. Siku aliyonikuta akauliza kwa nini. Nikamwambia ndivyo nilivyoumbwa, kasome chati yangu. Hatuko pamoja tena, na simlaumu.

Juzi tulikuwa tunapanga makaratasi na mama, kadi ikaibuka. Nikasema kwa utani, "Ulinizaa manane ya usiku, ndiyo maana nina moyo wa giza." Mama akanitazama. "Manane? Nani kakwambia manane? Baba yako ndio kwanza alikuwa anatoka kuoga. Watoto wa jirani walikuwa hawajaitwa ndani."

Saa tatu usiku. Saa tatu ya Kiswahili. 21:00.

Nimechora upya. Mwezi digrii ya 2 ya Mshale, nyumba ya kumi na moja. Inayochomoza ni Ndoo. Nimesoma maelezo yake: mcheshi, mwepesi wa kusahau ugomvi, hapendi kubanwa, marafiki kila kona. Na yenyewe, wallahi, nimejiona humo.

Swali langu: mkao wa sayari unaijenga tabia ya mtu, au nilijijengea mwenyewe nikiwa nimeshika ramani ya nyumba ya mtu mwingine?

---

Chumvini

Kwa hiyo dada wa watu alinuniwa wiki tatu kwa sababu ya makosa ya saa 18. Navuta kiti.

---

Zuhura_Alfajiri

Mtoa mada pole, ila hauko peke yako. Nasoma chati za watu wanaozungumza Kiswahili na kosa hili nakutana nalo mara kwa mara. Kabla sijagusa tabia, ngoja nieleze kilichohama na kisichohama, maana wengi hapa wanadhani chati nzima imetupwa.

Jua lako halijaguswa. Linatembea kama digrii moja kwa siku, kwa hiyo saa 18 ni robo tatu ya digrii. Ulikuwa Kaa, umebaki Kaa. Mwezi una mbio zaidi, wastani wa digrii 13 kwa siku, nusu digrii na ushee kila saa. Ndiyo maana umetembea digrii 10 hivi ukavuka mpaka wa Nge ukaingia Mshale. Kinachokimbia kuliko vyote ni nyota inayochomoza, yaani buruji (moja ya zile nyota 12 za unajimu) iliyokuwa inatokeza upeo wa mashariki ulipovuta pumzi ya kwanza. Hiyo inasogea digrii moja kila dakika nne, buruji nzima kwa takriban saa mbili. Kwa saa 18 imeruka buruji tisa, kutoka Ng'ombe hadi Ndoo. Na kwa kuwa nyumba 12 zinahesabiwa kuanzia hapo, kila sayari yako imehama nyumba bila yenyewe kupiga hatua. Jua lako lilikuwa nyumba ya tatu, sasa liko ya sita.

Sasa tabia. Mwezi, tangu kwa mtaalamu wa nyota Ptolemy kule Alexandria karne ya pili, umepewa ile sehemu ya nafsi isiyosubiri hoja: unavyoshtuka, unavyotulia, unachohitaji ili ujione salama. Akili ya kupanga maneno aliipa sayari ya Utaridi. Nge ni buruji ya maji, na ni thabiti: maji yaliyosimama, ya kina, yasiyotoka upesi. Wazee wa fani walisema Mwezi ukiwa Nge uko kwenye anguko lake (mahali unapodhoofika), kwa sababu enzi yake (mahali unapopata nguvu) iko Ng'ombe, upande wa pili kabisa wa duara. Mshale ni moto, na ni geugeu. Moto wa mabua: unawaka, unalia, ukigeuka nyuma ni majivu. Nyumba ya kumi na moja ni ya marafiki na makundi. Mwezi huo ukibanwa unaumwa, ukifunguliwa mlango unapona.

Na ushahidi umeuleta mwenyewe. Siku ya tatu hasira zimekwisha, mkono uko kwenye kitasa, unataka kujua mwenzio anacheka nini. Huyo ndiye Mwezi Mshale akigonga mlango kutoka ndani. Chati ya kweli ilikuwa inafanya kazi muda wote, wewe ndiye uliyekuwa unaizuia kwa chati ya uongo.

---

MtotoWaUsiku

@Zuhura_Alfajiri mwili umenisisimka hapo kwenye kitasa.

---

KaziYaHesabu

Usisisimke haraka. Tazama alichofanya huyo bingwa. Kisa chako kina vipande viwili: mkono kwenye kitasa, na wiki tatu za kununa. Mwezi ulipokuwa Nge, wiki tatu ndizo zilikuwa ushahidi na kitasa hukukiona. Leo Mwezi uko Mshale, kitasa ndicho ushahidi na wiki tatu zimekuwa "kuzuia". Kesho ukigundua ulizaliwa saa tano, tutapata kipande cha tatu. Mtu ana mambo mengi ndani yake, ukimmulika tochi popote utakuta kitu.

Hili lilishapimwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo "yake". Wakayapa alama kwa usahihi, wastani 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, sentensi kwa sentensi, na sentensi zenyewe alizichota kwenye kitabu cha unajimu cha kwenye kibanda cha magazeti. Mambo ya aina ya "wakati mwingine unachangamka, wakati mwingine unajitenga". Nani hayuko hivyo?

Ila kwako wewe kuna utafiti unaokuhusu zaidi. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Hans Eysenck na wenzake walipima watu zaidi ya 2,000. Nyota zinazosifiwa uchangamfu, Punda, Mapacha, Simba, Mizani, Mshale, Ndoo, zikatoka na watu wachangamfu kidogo kuliko zile nyingine sita. Wanajimu walishangilia. Halafu wakaja waliouliza swali dogo: je, mhusika anajua nyota yake inasemwaje? Kwa wanaojua, tofauti ilikuwepo. Kwa wasiojua, ikayeyuka.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho, kisha urudi kwenye daftari lako la kalamu nyekundu.

---

Sumbula_88

Nakazia. Mimi ni Mashuke na nimekuwa mtu wa usafi tangu nilipoambiwa ni mtu wa usafi. Kabla ya hapo mama alikuwa ananifukuza na fagio.

---

MtotoWaUsiku

@KaziYaHesabu hilo la 1978 limenikaa kooni. Maana ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa mwongo, nilikuwa najisikia wivu kweli. Ila najiuliza kama nisingekuwa na neno la kuuita, ungekaa siku ngapi.

Nimelifungua daftari jana usiku. Kuna mstari nimeupigia mistari miwili: "Akikaa kimya, usidhani amesahau." Pembeni nimeandika KABISA kwa herufi kubwa. Chini yake, mwandiko wangu uleule, siku nyingine: "Leo nimesahau nilichokuwa nimekasirikia, nimejaribu kukumbuka." Nimekaa naliangalia kama daftari la mtu mwingine.

---

Zuhura_Alfajiri

Ngoja nijibu, maana sitaki ionekane unajimu ni vijitabu vya kibandani.

Kwanza nakubali nusu. Maandishi ya "Mwezi Nge = wivu" ni upishi wa mkebe. Mnajimu anayejua kazi hasomi mkao mmoja. Anatazama Mwezi uko wapi, nani mwenye nyumba hiyo (sayari inayoitawala), yeye naye yuko wapi, na nani anamtazama kwa pembe gani: digrii 90 ni mvutano, 120 ni mteremko, 180 ni kukabiliana. Ndipo aseme.

Pili, hii biashara ya kusoma tabia ni changa kuliko watu wanavyofikiri. Wa kale walitazama tabia, ndiyo, ila mteja alikuja kuuliza mambo: nitaishi, nitasafiri, nitaolewa. Aliyeusukuma sana unajimu uwe wa kusoma nafsi ni Alan Leo wa London. Alishtakiwa mwaka 1914 kwa kutabiri bahati za watu akaponyoka, akashtakiwa tena mwaka 1917 akatozwa faini, na mwaka huohuo akafariki. Utetezi wake ulikuwa kwamba yeye anaeleza mielekeo, hatabiri. Kwa hiyo ukisikia mwanajimu wa leo anasema "mielekeo", fahamu neno hilo lina mkono wa mahakama pia. Nalisema hili nikiwa mnajimu.

Tatu, najua kitakachofuata, utaleta jaribio la Shawn Carlson.

---

KaziYaHesabu

Nalileta. Jarida la Nature, 1985. Wanajimu wenyewe walishiriki kulipanga. Mnajimu anapewa chati moja na ripoti tatu za kipimo cha kisaikolojia, moja ni ya mwenye chati, achague. Walisema watapata angalau nusu. Wakapata theluthi, sawa na kufumba macho na kunyoosha kidole.

---

Zuhura_Alfajiri

Malizia basi. Kwenye jaribio hilohilo watu wa kawaida waliwekewa ripoti tatu za kipimo kilekile, moja yake mwenyewe, wakaambiwa wachague iliyo yao. Nao walishindwa. Sasa kama mtu mwenyewe hajitambui kwenye ripoti ya wanasaikolojia, mnajimu amtambueje humohumo? Kipimo kilichotumika kama rula kilikuwa chenyewe kimepinda.

---

KaziYaHesabu

Hapo una hoja, naikubali. Ila ichukue yote: kama mtu hajitambui kwenye maelezo yake mwenyewe, basi "nimejiona humo" ya mtoa mada haina thamani yoyote, si kwa Nge wala kwa Mshale. Umeibomoa rula yangu na kiti ulichokalia.

---

Zuhura_Alfajiri

😂 Haya. Lakini mtoa mada, kabla hujafuta Nge moyoni, Pluto yako bado iko Nge, digrii kama tisa nyuma ya Mwezi. Wako wanaoihesabu hiyo kuwa bado wameshikana. Kile kina ulichokiona hakikutoka hewani.

---

KaziYaHesabu

Pluto ilikuwa Nge kuanzia 1984 hadi 1995. Watoto wote wa dunia nzima wa miaka hiyo wanayo. Hicho kina ni cha kizazi, kama mtindo wa suruali.

---

Nyota27

Hodi. Naona mnabishana Nge au Mshale na hakuna aliyeuliza ni Mshale upi.

Hizo buruji mnazotumia zinahesabiwa kuanzia pale Jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Mfumo wa Kihindi unahesabu kwa nyota zenyewe zilivyo angani. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia inayochoka, digrii moja kila miaka 72 hivi. Mifumo miwili ililingana yapata karne ya tatu, na tangu hapo imeachana kwa takriban digrii 24. Toa digrii 24 kwenye digrii ya 2 ya Mshale.

Unapata digrii ya 8 ya Nge.

Kwa mfumo wetu mtoa mada ana Mwezi Nge kwa saa ya KWELI. Na kwa saa ya uongo, ile 03:00, angekuwa na Mwezi mwishoni mwa Mizani. Kwa ufupi dada, ulikosea saa, ukakosea mfumo, makosa mawili yakakufikisha nyumbani.

---

Chumvini

Kiatu kimerudi mezani.

---

MtotoWaUsiku

Nimecheka hadi jirani kabisha hodi.

---

KaziYaHesabu

Mnaona? Sina la kuongeza.

---

Nyota27

Unalo, ila umeshindwa kulisubiri. Sisi hatuishii kwenye buruji. Duara tunalikata vituo 27 vya Mwezi, kila kimoja digrii 13 na dakika 20, karibu mwendo wake wa siku moja. Digrii ya 8 ya Nge iko ndani ya Anuradha. Anayekilinda ni Mitra, mungu wa urafiki na ahadi. Mwenye kituo ni sayari ya Zohali, kwa hiyo ni urafiki wa subira, si wa vicheko tu. Tukisema "Mwezi Nge" hatumaanishi mtu wa kukagua simu usiku. Kwa chati hii nisingekwambia wivu. Ningekwambia uangalie unavyoumia rafiki akivunja ahadi.

---

MtotoWaUsiku

@Nyota27 asante, na hapo pia nimejiona 😩 Nimeanza kujiogopa. Mtu akinisomea lebo ya mafuta ya nywele nitajiona.

---

PachaMkubwa

Naomba niingie, nimekaa pembeni vya kutosha.

Nina pacha. Tulipishana dakika 12. Kwa hesabu ya Zuhura hapo juu, nyota inayochomoza imesogea digrii tatu, Mwezi haujasogea hata digrii nusu. Buruji zilezile, nyumba zilezile, pembe zilezile. Yeye akiingia chumba chenye watu kumi, ndani ya nusu saa anajua majina ya wote. Mimi nikiingia natafuta kiti karibu na mlango. Tulipokuwa wadogo ilikuwa tofauti ndogo tu. Ndugu wakaanza kusema "huyu ndiye msemaji, huyu mkimya", na nakumbuka siku moja shuleni mwalimu aliniuliza swali ninalolijua, nikageuka kumtazama pacha wangu ajibu. Yeye ndiye msemaji.

Nimewahi kumuuliza mnajimu. Akanijibu kwa kisa cha Mroma mmoja, Nigidius, aliyeulizwa swali hilihili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Akazungusha gurudumu la mfinyanzi kwa nguvu zote, na likiwa linazunguka akaligusa kwa wino mara mbili, chapuchapu, kama mahali pamoja. Liliposimama, alama mbili zilikuwa mbalimbali. Akasema, mbingu zinazunguka kwa kasi hiyo, ndiyo maana mapacha hawafanani. Wakambandika jina la Mfinyanzi tangu siku hiyo.

Jibu zuri sana. Mpaka nilipokuja kusoma Augustino, yule askofu wa kale wa Kikristo, alivyolipinga: kama dakika chache zinatosha kutenganisha maisha ya mapacha, basi mnajimu anawezaje kusema lolote kuhusu mtu ambaye saa yake ya kuzaliwa imekadiriwa tu? Na nani hapa saa yake haijakadiriwa? Anayezalisha ana kazi mkononi, hatazami ukuta.

---

Zuhura_Alfajiri

Hili la mapacha ndilo swali gumu kuliko yote ya Carlson, na nimelijibu kwa njia tano tofauti kwa watu watano tofauti. Leo siongezi ya sita.

---

KaziYaHesabu

Heshima kwako kwa jibu hilo.

Mtoa mada, una nafasi ambayo watu hawaipati. Fanya jaribio dogo. Tafuta maelezo ya Mwezi katika buruji tano, usichukue ulikonakili zamani. Weka Nge, Mshale, na tatu za kujazia. Mtu mwingine ayachape, afute majina ya buruji, maji, moto, wanyama, kila kinachoashiria. Wape watu wanaokujua wachague moja iliyo wewe. Wasishauriane. Tano, siyo mbili, ili kubahatisha kuwe kugumu kidogo. Haitathibitisha kitu kwa ulimwengu, watu wanne si utafiti, ila utaona kitu.

---

Mgeni_wa_Leo

Samahani kuvuruga mada. Nimesoma nikashtuka, nami niliandika kama ilivyo kwenye cheti. Mnageuzaje?

---

Zuhura_Alfajiri

Ongeza kumi na nane kwa saa za usiku kuanzia saa moja hadi saa sita. Saa mbili usiku ni 20:00, saa tano usiku ni 23:00, na saa sita kamili usiku ni 00:00. Hapo ndipo watu wanazama, kwa sababu tarehe imeshageuka. Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, toa sita: saa tisa usiku ni 03:00. Mchana kutwa, kuanzia saa moja asubuhi, ongeza sita, saa nane mchana ni 14:00.

Halafu uliza swali la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza: "usiku wa Ijumaa" kwa aliyekwambia ni usiku upi? Kuna wazee ambao kwao usiku huo ni wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, kwa sababu kwao siku inaanza Jua likizama. Mwingine anamaanisha Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Hapo si kosa la saa tu, ni siku nzima, na Mwezi umeondoka digrii 13.

Na kama aliyeandika ni hospitali, usidhani moja kwa moja kwamba ni saa za Kiswahili. Wengine huandika 21:00, wengine 3 usiku. Tafuta aliyekuwepo, muulize ilikuwa giza au mwanga, watu wameshalala au bado. Mama wa mtoa mada hakukumbuka namba, alikumbuka watoto wa jirani.

---

MtotoWaUsiku

Nimerudi. Siku tisa zimepita, samahani kwa waliokuwa wanagonga uzi.

Dada yangu ndiye aliyechapa, yuleyule wa kiatu. Nilimweleza yote, hadi kitasa. Alinyamaza kidogo, akasema alikuwa anacheka video ya mbuzi. Kisha akasema, "Ile wiki ya pili nilianza kuogopa kurudi nyumbani." Sikulijua hilo.

Karatasi tano: Nge, Mshale, Mashuke, Kaa, Samaki. Bila majina. Waliochagua ni wanne.

Mama: Mshale. Hakumaliza hata kusoma zote, akasema hii ndiyo, ulikuwa unatoroka kila siku.

Mfanyakazi mwenzangu: Kaa.

Rafiki yangu wa miaka mingi: Kaa.

Na mimi mwenyewe, dada alizichanganya akanipa bila alama. Nilisoma mara tatu. Nilichagua Mashuke. MASHUKE. Ile tuliyoitia kujazia.

Nge hakuichagua mtu. Wala yule mchumba wa zamani sikumpa, msiniulize.

---

Zuhura_Alfajiri

Kaa mbili! Jua lako liko Kaa. Wa kazini na wa nje wanaona Jua, mama anaona Mwezi. Imenyooka.

---

KaziYaHesabu

Na Mashuke?

---

Zuhura_Alfajiri

Jua liko nyumba ya sita. Ya sita kwa asili ni ya Mashuke.

---

KaziYaHesabu

Na wangechagua Samaki?

---

Zuhura_Alfajiri

Usinichokoze.

---

Sumbula_88

Karibu Mashuke dada. Fagio liko nyuma ya mlango.

---

PachaMkubwa

@MtotoWaUsiku yule dada yako, kama naye angekuchagulia karatasi, angechukua ipi? Au hukumuuliza kwa kuwa ndiye aliyezichapa?

---

MtotoWaUsiku

Nilimuuliza. Alisema anazijua zote ni za nyota gani kwa hiyo haihesabiki. Nikamwambia sema tu. Akasema ya Nge, ila hadi wiki iliyopita.

---

Mgeni_wa_Leo

Nimempigia bibi. Anasema saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Naandika 05:45?

---

Zuhura_Alfajiri

05:45, ndiyo. Kasorobo ya nani, aliangalia saa au ni adhana?

---

Mgeni_wa_Leo

Anasema ni jogoo.